Wala Shaba wa Katanga: mafundi waliotoa fedha katika jiwe la kijani

Malori yaliyosheheni mabamba ya shaba nyekundu huvuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakapita katika ardhi ya Zambia na kuingia Tanzania kupitia Tunduma, safari yao ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo huchimbwa kwa mitambo mikubwa, husafishwa kwa tindikali na umeme, kisha hugeuzwa kuwa nyaya na mota katika viwanda vya nchi za mbali.

Mara nyingi historia ya madini hayo huanza kusimuliwa kutoka mwaka 1892, pale mwanajiolojia wa Kibelgiji, Jules Cornet, alipozuru Katanga na kuandika habari za utajiri uliofichika ardhini. Hata hivyo, Cornet hakuikuta ardhi isiyojulikana thamani yake. Vilima vingi vya eneo hilo vilikuwa vimekwisha kutobolewa mashimo na vizazi vya wenyeji waliochimba, wakayeyusha, wakasubu na kufua shaba kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Katika makala iliyochapishwa mwaka 1926, Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa Kanisa Katoliki huko Katanga, aliwataja mafundi hao kwa jina la "Wala Shaba". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana jina hilo. Kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, kula si kutia chakula kinywani tu, bali pia ni kufaidi, kumiliki na kuneemeka. Aliyekula shaba ni yule ambaye shaba ilimpatia mke, watumwa, nguo na heshima.

Leo hakuna tanuri hata moja la aina hiyo linalowaka kwa ajili ya riziki ya mtu. Ujuzi uliodumu kwa karne nyingi ulizimika katika muda usiozidi umri wa kizazi kimoja.

Vilima visivyoota miti

Ukanda wa shaba wa Afrika ya Kati umeenea kutoka eneo la Kolwezi, kusini mwa Kongo, kupitia Likasi na Lubumbashi, hadi kaskazini mwa Zambia. Katika sehemu kubwa ya ukanda huo, madini yaliyo karibu na uso wa ardhi ni malakiti, jiwe la kijani kibichi ambalo ndani yake shaba imeungana na kaboni, oksijeni na hidrojeni.

Wachimbaji wa kale hawakuwa na ramani za kijiolojia, lakini ardhi yenyewe iliwaonyesha njia. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti mikubwa. Kwa hiyo, katikati ya msitu wa miombo huonekana vilima vilivyo wazi, vyenye nyasi na mimea midogo ya maua inayostahimili udongo huo. Mtu aliyekijua kilima cha namna hiyo alijua pia mahali pa kuchimba.

Uchunguzi wa mambo ya kale unathibitisha kwamba kazi hiyo ni ya zamani sana. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, yamepatikana mabaki ya uyeyushaji wa shaba yanayokadiriwa kuwa ya karne ya 4 baada ya Kristo. Upande wa Zambia, katika eneo la Kansanshi ambako leo upo mgodi mkubwa wa kisasa, wataalamu wamekuta ushahidi wa uyeyushaji ulioanza katika milenia ya kwanza.

Wachimbaji hao walikuwa na bahati moja ya kikemia. Malakiti haina salfa. Madini yaliyo chini zaidi ardhini yana salfa nyingi, na kuyayeyusha kunahitaji hatua nyingine za kuyachoma kwanza. Mafundi wa Katanga walishughulika na tabaka la juu, ambalo moto wa makaa na ustadi wa mikono vilitosha kulibadili.

Kazi ya kiangazi

Shaba ilikuwa na msimu wake. Mvua zilipokoma na mazao yakiwa yamekwisha kuvunwa, kuanzia mwezi Mei hivi, wanaume waliacha majembe na kuhamia katika kambi karibu na machimbo. Mvua ziliporejea, mashimo yalijaa maji, makaa yakalowa, na watu wakarudi mashambani. Mfua shaba, kwa hiyo, alikuwa pia mkulima, na shaba ilikuwa kazi ya kuziba pengo kati ya mavuno na kupanda.

Kabla ya kuanza kuchimba, kiongozi wa mafundi aliomba radhi na baraka za mizimu inayokilinda kilima. Kambi ya kuyeyushia iliwekwa mbali na kijiji na kuwekewa miiko, miongoni mwake ikiwa ni mafundi kujitenga na wanawake hadi kazi ikamilike. Dawa zilitiwa katika msingi wa tanuri. Kwa macho ya leo hayo yanaweza kuonekana kuwa ushirikina mtupu, lakini yalikuwa pia namna ya kuulinda ujuzi. Asiyekula kiapo cha mafundi hakukaribia tanuri, na asiyekaribia tanuri hakuiba siri yake.

Wanaume walishuka mashimoni wakiwa na sururu na vyombo vingine vya chuma. Wanawake na watoto waliokota malakiti iliyotawanyika juu ya ardhi, wakachambua mawe mazuri na kuyaosha katika kijito ili udongo uondoke. Wengine walikata miti migumu na kuichoma kuwa makaa. Katika kazi yote ya shaba, hakuna kilichodai nguvu nyingi kama makaa.

Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha, kwa maana udongo uliosagwa na mchwa hushikamana vizuri na huvumilia joto kali bila kupasuka upesi. Sehemu ya chini ziliachwa tundu, na katika tundu hizo zikaingizwa mirija ya udongo iliyounganishwa na mivukuto ya ngozi. Ndani ya tanuri zilipangwa tabaka za makaa na malakiti, moja juu ya nyingine.

Moto ulipowashwa, vijana walianza kuvukuta bila kupumzika, wakipokezana na kuimba ili mkono usipoteze mwendo. Jiwe la kijani lilipopata joto liligeuka jeusi kwanza, likipoteza maji na hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Hewa ya makaa yanayoungua kwa oksijeni haba ikainyang'anya ile oksijeni iliyosalia, na kilichobaki kilikuwa shaba yenyewe. Ili shaba iyeyuke, joto lazima lifike nyuzi 1,085 za Selsiasi. Fundi hakuwa na kipimajoto. Alitazama rangi ya moto, akasikiliza mngurumo wa tanuri, na kwa dalili hizo akajua wakati wa kuzidisha upepo na wakati wa kuacha.

Shaba ya kwanza ilitoka ikiwa imechanganyika na takataka, ile ambayo wahunzi huiita mavi ya chuma katika kazi yao ya chuma. Ilivunjwa, ikachaguliwa, kisha ikayeyushwa tena katika chungu ili isafike. Baada ya hapo ilimiminwa katika kalibu iliyochongwa kwenye mchanga au udongo. Umbo lililopendwa kuliko yote lilikuwa msalaba.

Msalaba uliokuwa fedha

Misalaba ya Katanga haihusiani na Ukristo. Ilikuwapo karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Ni mikuo ya shaba yenye mikono minne, ambayo mingi huwa na urefu wa sentimita 20 hivi na uzito unaokaribia kilo moja, ingawa ipo iliyo midogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Umbo hilo lilirahisisha mambo mawili: msalaba hufungwa kwa kamba na kubebwa kwa urahisi, na hauchanganywi na bidhaa nyingine yoyote sokoni.

Simulizi iliyo wazi zaidi kuhusu misalaba hiyo imetoka makaburini. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia walifukua kuanzia mwaka 1957 makaburi ya jamii iliyostawi kwa uvuvi, kilimo na biashara. Kazi hiyo iliendelezwa katika miaka ya 1970 na Pierre de Maret. Bonde hilo halina shaba. Machimbo ya karibu yako umbali wa mamia ya kilomita upande wa kusini. Hata hivyo, katika makaburi ya kuanzia karne ya 8 hadi ya 13 hivi, marehemu wengi walizikwa na vikuku, mikufu na mapambo mengine ya shaba.

Kisha mambo yakabadilika. Katika makaburi ya kuanzia karne ya 14, mapambo yanapungua na misalaba inaongezeka. Mwanzoni ni mikubwa na michache. Baadaye inakuwa midogo, mingi, na yenye vipimo vinavyofanana, ikiwa imewekwa karibu na mikono au nyonga za marehemu, wakati mwingine ikiwa imefungwa pamoja. Wataalamu wanaona katika mabadiliko hayo safari ya kitu kimoja kutoka kuwa pambo la wenye cheo hadi kuwa fedha ya matumizi ya watu wengi. Mkuo mkubwa hufaa kulipia mahari au deni zito, bali mkuo mdogo hununua chakula. Jamii inapohitaji fedha ndogo ndogo, ni dalili kwamba soko limekuwa jambo la kila siku.

Shaba hiyo ilisafiri pia kuelekea kusini. Mwaka 1960, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa matangi ya maji huko Ingombe Ilede, kusini mwa Zambia, walikumbana na makaburi yenye utajiri mkubwa. Jina la mahali hapo, ambalo msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, lina maana ya ng'ombe aliyelala, na limetokana na mbuyu ulioanguka wenye sura ya mnyama huyo. Ndani ya makaburi hayo, ya karne ya 15 na 16 hivi, ilikutwa misalaba ya shaba, mafungu ya waya, vikuku vya dhahabu, shanga za kioo na kombe za bahari ya Hindi. Pamoja na hayo vilikutwa nyundo, koleo na chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu ya kuvutia waya. Waliozikwa hapo walilala na zana za kazi pamoja na faida yake.

Kutoka Usumbwa hadi Bunkeya

Katika karne ya 19, sura mpya ya historia ya shaba ya Katanga iliandikwa na watu waliotoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa walizoea kuvuka Ziwa Tanganyika kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao alikuwa Kalasa, Msumbwa aliyefanya biashara na watawala wa Katanga. Mwanawe, Ngelengwa, alimfuata katika miaka ya 1850 na hakurudi tena kwao. Historia inamjua zaidi kwa jina la Msiri.

Kwa ndoa, biashara na bunduki, Msiri alijenga dola iliyokuwa na makao makuu yake Bunkeya. Watu wake waliitwa Bayeke, jina linalohusishwa na wawindaji wa tembo. Njia za biashara zilizokutana Bunkeya zilielekea pande mbili: mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Benguela nchini Angola. Pembe, shaba, chumvi na, kwa masikitiko, watumwa walitoka. Bunduki, baruti, nguo na shanga ziliingia.

Basanga na jamii nyingine zilizoishi hapo awali ziliendelea kuyeyusha shaba, lakini sasa zikiwa chini ya himaya iliyodai kodi. Mchango wa kifundi unaohusishwa na Bayeke huko Katanga ni uvutaji wa waya mwembamba. Mkuo ulifuliwa kwa nyundo hadi ukawa ufito mrefu. Ncha yake ilichongwa, ikapenyezwa katika tundu la chamburo, kisha ikavutwa kwa nguvu hadi ufito wote upite. Tundu la pili lilikuwa jembamba kuliko la kwanza, na la tatu kuliko la pili.

Kazi hiyo haikuwa ya mabavu peke yake. Shaba inayofuliwa na kuvutwa huwa ngumu na mwishowe hukatika. Fundi alilazimika kuirudisha motoni mara kwa mara ili ilainike tena. Akiichelewesha, waya ulikatika, akiizidisha, ulidhoofika. Waya uliokamilika ulizungushwa kwenye uzi wa nyuzi za mimea au singa za mnyama, ukawa kikuku chepesi, kile ambacho Waswahili wa zamani walikijua kwa jina la udodi. Waya mnene zaidi, masango, ulitembea katika njia za misafara kama fedha.

Tanuri linazimika

Mwaka 1891, msafara ulioongozwa na William Grant Stairs, ofisa mzaliwa wa Kanada aliyetumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ulitoka pwani ya Zanzibar, ukapita Tabora na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Bunkeya. Msiri alikataa kuisalimia bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba mwaka huo alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ambaye naye aliuawa. Dola ya Bayeke ikavunjika.

Mwaka 1900 iliundwa kamati maalumu ya kuitawala Katanga, ikapewa mamlaka juu ya ardhi na madini. Watafiti wa makampuni walipofika kutafuta shaba, njia yao ya haraka ilikuwa kuwauliza wenyeji waonyeshwe mashimo ya zamani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya kiwandani ikamiminwa mwaka 1911. Mgodi wa kwanza kuilisha tanuri hiyo, ulioitwa Étoile, ulikuwa mahali ambapo wenyeji walipaita Kalukuluku na ambapo walikuwa wamechimba kabla.

Kwa mfua shaba, yote yalibadilika kwa wakati mmoja. Kilima chake kilikuwa na mwenye hati mpya. Msalaba wake haukulipa kodi, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa fedha ya serikali. Waya kutoka Ulaya uliuzwa kwa bei aliyoshindwa kushindana nayo. Vijana waliopaswa kujifunza kuvukuta walichukuliwa kuwa vibarua wa mgodi, wakichimba jiwe lile lile bila kuelezwa linavyogeuka kuwa shaba.

Ndiyo maana maelezo mengi ya kina tuliyonayo kuhusu kazi hiyo yalitolewa na wazee katika miaka ya 1920, walipoombwa kuirudia mbele ya wageni waliotaka kuiandika. Waliijenga tanuri kwa kumbukumbu. Wakati huo kazi yao ilikuwa imekwisha kuwa maonyesho.

Kilichosalia

Alama ya msalaba haikufutika. Katanga ilipojitangaza kuwa nchi mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake, na sarafu zake za mwaka 1961 zilichorwa msalaba huo huo. Waliotaka kujitenga na waliowapinga walipishana katika mambo mengi, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya alama ile. Utawala wa Mobutu nao ulilibadili jina la jimbo hilo mwaka 1971 na kuliita Shaba, neno la Kiswahili, hadi jina la Katanga liliporejeshwa mwaka 1997. Mwaka 2015 jimbo hilo liligawanywa kuwa majimbo manne.

Mjini Lubumbashi, jumba la makumbusho la taifa linahifadhi misalaba ya kale, na mafundi wa mjini huchonga malakiti kuwa mapambo au hufua bamba la shaba kwa nyundo hadi litoe picha ya mwanamke atwangaye, tembo au mtumbwi. Ni kazi yenye ustadi, ila bamba lenyewe limetoka kiwandani. Hatua ya kulizaa kutoka jiweni haimo tena mikononi mwao.

Pembezoni mwa Kolwezi na Likasi, maelfu ya wachimbaji wadogo bado hushuka katika mashimo ya kuchimbwa kwa mkono, mara nyingi katika mazingira ya hatari. Hulichimba jiwe, hulitia katika viroba, na huliuza kwa wanunuzi wanaopanga bei. Hapo ndipo tofauti na mababu zao inapoonekana. Mla shaba wa zamani alikuwa maskini wa zana, lakini safari nzima ya madini, kutoka shimoni hadi kikuku, ilikuwa ndani ya jamii yake.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Serikali ya Kongo imejaribu zaidi ya mara moja kuzuia usafirishaji wa madini yasiyosafishwa ili thamani yake ibaki nchini, na Tanzania iliingia katika mjadala kama huo mwaka 2017 kuhusu makinikia. Wakati viongozi wakijadili mahali pa kujenga viyeyushio, katika vilima vya Katanga bado yanaokotwa mabaki meusi ya tanuri za kale, mazito mkononi na yenye madoa ya kijani pale shaba iliyosahaulika ndani yake inaposhika kutu.